Hesabu ya Taulo

Kadi yenyewe ndogo, ya kijani, imebandikwa bafuni
katika vyumba vyote arobaini na viwili vya hoteli ya Argyris:
"Mgeni mpendwa, maji ya kisiwa hiki ni haba.
Taulo ukiitundika, tutajua utaitumia tena.
Ukiiacha sakafuni, tutaifua."

Wageni wa Tinos wamekuwa waungwana mwaka huu.
Wanatundika.

Mimi ndiye dobi wao.
Nalipwa kwa kilo.

Julai iliyopita gari letu lilikuja limelemewa,
mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba.
Julai hii Zambeta anaendesha huku akipiga mluzi,
na mifuko mitatu inabingirika nyuma yake
kila akikata kona.
Kilo mia mbili na kumi kwa siku
zimekuwa mia na arobaini.
Nimeziandika kwa penseli,
kana kwamba zinaweza kughairi.

Msidhani nakichukia kijikadi.
Kisima changu nakijua kuliko aliyekiandika.
Baba alikichimba, akachota, akaonja, akacheka.
Mimi nikionja sicheki.
Chumvi imejipenyeza mabombani,
imekula koili tatu tangu Pasaka,
na shuka lililoingia jeupe
linatoka na rangi ya jino la mvuta tumbaku.

Basi kila jioni nina mioyo miwili.
Mmoja unaomba wageni watupe taulo chini,
watupe tu, walivyotupa zamani, kama wafalme.
Wa pili umeinama kwenye mdomo wa kisima
ukihesabu pete za mnyororo
ndoo inavyoshuka, hadi isikike: chubwi.
Mwaka jana, tisini na moja.
Jana, mia na nne.

Binti yangu Kaliroi amerudi kutoka Athene
na picha ya mashine kwenye simu.
Inayakamata maji ya suuza ya mwisho, inayachuja,
inayapa kazi upya kwa nguo zinazofuata.
"Maji yakimwagika hayazoleki," nikamwambia.
"Haya yanazoleka, mama.
Yuro elfu thelathini na nane."

Afisa wa benki alivua miwani, akaifuta, akauliza:
"Kwa mwezi unafua kilo ngapi?
Na mwakani zitaongezeka?"
Nikamtazama.
Nifue zaidi, ndipo nikopeshwe
chombo cha kutumia maji pungufu.
Kaliroi alinikanyaga mguu chini ya meza.
Nikasema: Inshallah ya Kigiriki, yaani
nilinyamaza, nikatabasamu.

Nikamwendea Argyris na daftari langu kwapani.
"Kadi yako imekuokolea kiasi gani?"
Akaanza na maji, akaja sabuni, akaja umeme,
hesabu ikamnogea, hakuona ninapompeleka.
"Akiba umetia mfukoni," nikamwambia.
"Hasara umenitundikia mimi, kama taulo.
Nilipe kwa chumba, si kwa kilo.
Mgeni akitundika, tushukuru sote."

Akakoroga kahawa iliyokwisha korogwa.
Msimu mbaya, akasema. Mafuta yamepanda, akasema.
Kisha: ghorofa ya juu atalipa kwa chumba, kujaribu.
Ya chini, kwa kilo, mpaka Septemba.

Ndivyo tulivyo sasa.
Nawaombea wageni wa juu wawe watakatifu,
wa chini wapende kuoga mara nne.
Zambeta anasema dua kama hii
haijapata kufika mbinguni ikiwa nzima.

Mashine haijaja.
Suuza ya mwisho naikinga kwa pipa la bluu,
naibeba ndoo kwa ndoo, hatua kumi na saba,
hadi kwenye aproni za wapishi, ambazo hazijali.
Mgongo unalalamika.
Kaliroi anaziandika lita kwenye safu mpya ya daftari,
safu ambayo bado haina bei,
na kwa wino.